Kifungu cha Mafuta ya Doria

Pikipiki ilizima.

Haikupigwa risasi. Haikutegewa bomu. Iliishiwa mafuta tu, katikati ya Barabara ya Makongoro, saa saba na nusu mchana, huku mtu aliyekuwa anafukuzwa akiwa mita ishirini mbele juu ya Boxer nyekundu, anazidi kuwa mdogo.

Rozina Okumu alikuwa na bastola ya Browning kiunoni. Alikuwa na saa ya G-Shock iliyofichwa kinasa sauti ndani yake. Alikuwa amesomeshwa miezi tisa namna ya kumlaza mtu chini kwa kalamu ya wino. Kitu pekee ambacho Idara ya Usalama haikumpa ni lita mbili za petroli.

"Dada, sogeza basi!" Dereva wa bajaji alimpigia honi. "Umepaki kama uko sebuleni kwenu!"

Rozina hakujibu. Aliiangusha pikipiki ya serikali pale pale, akatimua mbio.

Mbele, lori la mchele lilikuwa linajaribu kukata kona ambayo si saizi yake. Njia ikaziba. Yule wa Boxer akapunguza mwendo. Sekunde tatu tu, lakini zilimtosha Rozina kuruka na kudaka mkanda wa mkoba uliokuwa mgongoni kwake.

Mkanda ukakatika.

Mkoba ukabaki mkononi mwa Rozina. Boxer ikapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, ikalimwaga beseni la nyanya, ikatokomea.

"Sasa nyanya zangu nani atalipa?" mama mmoja aliuliza, akimtazama Rozina kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Serikali, mama."

"Basi nimeshapata hasara."

Rozina aliingia kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akaufungua mkoba. Siku sita alikuwa akimfuatilia tarishi yule wa Boxer. Alitegemea kukuta dhahabu. Au dola. Au hata baruti, angalau afe na heshima zake.

Alikuta kitabu.

Kitabu kinene cha makadirio ya matumizi, mwaka mpya wa fedha, cha Wakala wa Ulinzi wa Ziwa, wale wenye kazi ya kulinda samaki, maji na fukwe upande wote wa Mwanza.

"Bajeti," alinong'ona. "Nimevunja kucha mbili kwa ajili ya bajeti."

Akafunua. Ukurasa wa mia moja na kumi na nne ulikuwa umekunjwa pembe. Mistari miwili ilipakwa rangi ya njano.

*Mafuta ya boti za doria, Julai hadi Septemba: sifuri.*

*Semina ya kuwajengea uwezo wakaguzi wote wa ziwa, Julai 2: shilingi milioni mia moja na arobaini, malipo ya awali Juni.*

Leo ilikuwa Julai 2.

Pembeni mtu aliandika kwa kalamu: *Saa 10 jioni. Mwamba wa Nyabusili. Hakuna boti. Hakuna mkaguzi.* Na kwenye jalada la ndani, chini kabisa, mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kusoma, palikuwa na jina la mshauri elekezi aliyeisaidia wakala kupanga matumizi yake: Dokta Viktor Hallen.

Aliyelinyima ziwa boti na aliyepanga saa ile walikuwa upande mmoja.

Simu ya upepo ikakwaruza sikioni.

"Gogogo, Gogogo. Hapa Kamongo."

Gogogo alikuwa yeye. Samaki mdogo mwenye miiba, ukimshika vibaya unakaa na kidonda wiki nzima. Kamongo, yule samaki wa topeni asiyekufa upesi, alikuwa Mzee Chenge, mwalimu wake wa kazi, Msukuma wa miaka hamsini na tisa aliyebakiza miezi mitatu astaafu. Tangu juzi alikuwa ndani ya tishari moja kuukuu la kubebea mizigo, liitwalo *Subira*, amejifanya fundi wa injini.

"Kamongo, shikamoo. Sema."

"Marahaba, Lozina." Chenge hakuwahi kuipata vizuri ile *r* ya jina lake, na hakuwa na mpango. "Wamenijua."

"Uko salama?"

"Niko chumba cha injini. Mlango wameuchomelea kwa nje. Nimesikia mashine ya kuchomelea kwa masikio yangu. Juu kuna mapipa mia nne na kumi na mbili. Ni tope la sianidi na zebaki kutoka kwenye mtambo wa dhahabu. Hawaendi kuyashusha mahali, binti yangu. Wanazamisha chombo kizima. Saa kumi kamili wanafungua vali za maji, wanaondoka na boti yao."

Rozina alifumba macho. Nyabusili ndipo sato na sangara wanapozalia. Kuanzia pale, wimbi linaelekea mjini, kwenye mabomba, kwenye masufuria ya watu.

"Na wewe uko ndani," alisema.

"Na mimi niko ndani. Betri asilimia kumi na moja. Usinipigie kunisalimia."

Ikakatika.

Saa nane kasoro dakika tano.

Alimpigia Maige, mkuu wake wa kazi, Dodoma.

"Mkuu, nahitaji boti sasa hivi. Chenge amefungiwa ndani ya tishari lenye sumu, linazamishwa saa kumi."

Upande wa pili kiti kilisukumwa. "Boti ya polisi?"

"Imepelekwa Ukerewe asubuhi. Wamepigiwa simu kwamba kuna mtumbwi umezama. Hakuna mtumbwi uliozama."

"Helikopta?"

"Mkuu, wewe ndiye mwenye helikopta."

"Iko Arusha, inasubiri spea." Maige alipumua kwa nguvu. "Wakala wa Ziwa si wana boti?"

"Wanazo mbili. Kila moja ina Yamaha mbili, farasi mia mbili kwa kila injini. Hazina mafuta. Hallen aliuhamisha mstari, mkuu. Akachukua mafuta ya robo nzima akayaweka kwenye semina. Watu wakapitisha."

"Naweza kuidhinisha mafuta ya dharura."

"Idhinisha!"

"Mfumo wa malipo ulifungwa Juni thelathini, usiku. Mwaka mpya unafunguliwa Julai kumi na tano." Sauti ya Maige ilishuka. "Hata chai ya ofisini tunachanga, Rozina."

"Kwa hiyo nifanye nini? Niandike dokezo?"

"Fanya lolote," Maige alisema. "Mtoe mzee wangu mle."

Rozina alikodi bodaboda hadi kituo cha doria kando ya maji. Zile boti mbili zilikuwa pale, nyeupe, zinang'aa, zimefungwa kwenye gati kama mbuzi wa maonyesho. Ofisi zote zimefungwa. Mtu mmoja tu alikuwepo: Masele, mtunza stoo, amekaa nyuma ya kaunta, anasikiliza redio.

"Mafuta," Rozina alisema, akaweka kitambulisho mezani.

Masele alikitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akakitazama tena. "Una hati ya kutolea?"

"Sina."

"Hata ungekuwa nayo, dada yangu, ingekusaidia kujipepea. Stoo ina lita nne. Za mashine ya kukatia majani."

Rozina alipiga hesabu. Kwenye simu yake kulikuwa na elfu ishirini na tatu. Lita saba. Jumlisha nne, kumi na moja. Injini zile zingekunywa lita kumi na moja kabla ya kukipita kisiwa cha Saanane, halafu zingeuliza kama kuna nyingine.

"Nahodha yuko wapi? Mwenye funguo?"

"Odoyo? Yuko semina. Wote wako semina, Capri Point, hotelini. Wakaguzi arobaini na sita. Funguo wameondoka nazo, maana mwaka jana zilipotea." Masele alishusha sauti ya redio. "Mimi sikuitwa. Watunza stoo hatuna uwezo wa kujengewa."

Rozina aliegemea ukuta. Mitumbwi ya wavuvi? Watu wenye AK wangeitoboa kama chekecheo. Aogelee? Alijikuta kweli anaupima umbali kwa macho, kama kichaa.

Saa nane na dakika ishirini.

Akakifungua tena kile kitabu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufungua. Ukurasa ule ule. Semina. Chini yake kulikuwa na mchanganuo kwa herufi ndogo. Ukumbi. Vitafunwa. Mabegi ya washiriki. Pilau. Mtoa mada.

Na mstari wa mwisho.

*Ziara ya mafunzo ziwani: kukodi boti kubwa ya abiria, pamoja na dizeli lita mia sita. Imelipwa Juni 27.*

Aliusoma mara mbili.

"Masele. Hii ziara ya mafunzo ni saa ngapi?"

"Ziara?" Masele alicheka mpaka akakohoa. "Ziara huwa haifanyiki, dada. Inawekwa ili pesa iishe kabla ya Juni kwisha. Boti inakuja, inapigwa picha, watu wanasaini, wanarudi kwenye soda. Sasa hivi itakuwa imefungwa pale hotelini, tangi limejaa, dereva amelala."

Rozina alishatoka mlangoni.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kikali na harufu ya pilau. Wakaguzi arobaini na sita walikuwa wamevaa tai na vitambulisho vya shingoni, nusu wameshalala huku macho yako wazi, ujuzi unaopatikana baada ya semina nyingi. Mbele alisimama Dokta Hallen mwenyewe: mrefu, shati la kitenge, Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi waliokuwemo. Ukutani picha ya projekta ilisema: *Bajeti Endelevu kwa Ziwa Endelevu.*

Rozina alitembea mpaka katikati.

"Samahani, ndugu wajumbe. Kuna tishari lina sumu, liko njiani kwenda Nyabusili. Litazamishwa saa kumi. Ndani kuna mtu. Nahitaji nahodha na nahitaji nyie wote botini sasa hivi."

Watu walimtazama. Mmoja akanywa soda.

"Wewe unatoka taasisi gani?" mwingine aliuliza kwa upole.

"Hilo siwezi kusema."

"Basi jina lako halipo kwenye orodha."

Hallen alitabasamu. Meno mazuri. "Mchango mzuri sana, dada. Tunaupokea. Tutauweka kwenye mengineyo."

Na yakaishia hapo. Kila mtu aliyewahi kukaa kikaoni anajua kwamba kikao hufungwa kabla ya kufika kwenye mengineyo. Chenge alikuwa anakufa, na kifo chake kilikuwa kimewekwa kwenye ajenda namba nane.

"Kuna mtu mle ndani!" Sauti ya Rozina ilipasuka. Hakuwa anaigiza. "Mzee wa watu! Mlango umechomelewa!"

"Dada, tunakuelewa," mwanamama mmoja alisema, na macho yake yalionyesha kweli anaelewa. "Lakini hatujasaini. Ukitoka kabla ya kusaini, posho imekwenda. Na hii ndiyo ya kwanza tangu Februari."

Rozina aligeuka polepole.

Karibu na mlango, nyuma ya meza yenye kitambaa cha bluu, alikaa mratibu. Kitambulisho kilisema Rebeka. Mbele ya Rebeka kulikuwa na karatasi za mahudhurio kwenye ubao wenye klipu, jina, cheo, namba ya simu, saini. Pembeni yake bahasha arobaini na sita zimepangwa ndani ya kasha la plastiki.

Hallen aliona macho ya Rozina yalikoelekea. Tabasamu likapungua kidogo. Alijua bajeti. Aliijua mistari yote ya wizara kuliko waziri. Lakini alikuwa hajawahi kukaa upande huu wa ukumbi.

Rozina aliuchukua ubao mkono wa kushoto. Kasha mkono wa kulia.

"Wee!" Rebeka alisimama. "Nimezisainia hizo!"

"Njoo uzifuate, basi." Rozina alipaza sauti mpaka projekta ikatikisika. "Ndugu washiriki! Ratiba imebadilika! Kusaini ni botini!"

Kama ungepiga baruti mle ndani wasingetoka haraka vile.

Viti vilianguka. Soda zilimwagika. Wakaguzi arobaini na sita, na Rebeka mbele yao akilia kwamba jamani zile bahasha, walishuka ngazi za hotelini kwenda kwenye gati kama nyumbu wanaovuka mto. Hallen alijaribu kurudi nyuma kwenye mlango wa jikoni. Mkaguzi mmoja mnene alimshika mkono kwa heshima zote.

"Dokta, twende, na wewe mtoa mada una yako ya kusaini."

"Mimi sihitaji..."

"Usione aibu, Dokta. Njoo."

Wakamzoa.

Boti ilikuwa ya ghorofa moja, imepakwa rangi ya chungwa. Dereva alikuwa amelala kweli. Odoyo, nahodha wa doria, Mjaluo wa Shirati mwenye mabega kama kabati, alimwamsha kwa kumbeba.

"Nitaendesha mimi," alimwambia. "Wewe kasaini."

Saa tisa kasoro dakika kumi wakang'oa nanga.

Walipofika katikati ya maji, na Mwanza ikaanza kurudi nyuma na mawe yake yote, Rozina alichukua kipaza sauti cha ziara.

"Nisikilizeni. Posho mtapata. Ila kwanza nawasomea ukurasa wa mia moja na kumi na nne."

Akasoma. Mafuta ya doria, sifuri. Semina, milioni mia moja na arobaini. Akasoma na yale maandishi ya pembeni: hakuna boti, hakuna mkaguzi. Akasoma jina la mshauri.

"Subiri kidogo," Odoyo alisema bila kugeuka kutoka kwenye usukani. "Boti zangu zimelala tangu Aprili, naambiwa nisubiri mafuta ya Julai. Niliandika barua sita. Unaniambia mafuta yangu ndiyo ile pilau niliyokula leo?"

"Na soda."

"Nilikula sahani mbili," Odoyo alisema. Hakuwa anachekesha. Aliisukuma kasi mpaka mwisho na boti nzima ikaanza kutetemeka.

Nyuma kabisa, kwenye benchi, Hallen alikuwa ameinamia simu yake. Rozina alimfikia kwa hatua tano, akaipokonya. Alikuwa amechelewa. Ujumbe ulikuwa umeshakwenda.

*Fungueni sasa.*

"Ni tatizo la gharama tu," Hallen alisema kwa utulivu. "Kuyateketeza yale mapipa kwa usalama ni dola milioni tisa. Mteja wangu aliniomba nitafute njia nafuu. Ninyi mwaka mzima mnalitengea ziwa zima pungufu ya hapo. Nani analithamini hili ziwa, mimi au ninyi?"

Rozina alitaka kumpiga. Badala yake aliitia ile simu mfukoni.

Simu ya upepo ikakwaruza.

"Gogogo." Nyuma ya sauti ya Chenge kulikuwa na mngurumo. "Hawa watu hawana saa? Mbona maji yanaingia?"

"Tunakuja, mzee. Dakika ishirini."

"Yamefika magotini. Lozina, mke wangu Evelina. Mwambie yule ng'ombe mwekundu asimuuze. Watamdanganya bei. Asubiri Septemba."

"Utamwambia mwenyewe."

"Asilimia tatu," Chenge alisema, na sauti ikakatika.

Wakaipita Kamanga. Kivuko kilikuwa gatini, abiria wanashuka na kuku na magodoro, hawana habari na lolote. Mbele, mwamba wa Nyabusili ulijitokeza majini kama goti. Na karibu nao, *Subira*.

Tishari lilikuwa limeinama upande mmoja. Mapipa ya bluu yamepangwa juu yake safu kwa safu, yamefungwa wavu. Watu wanne walikuwa wanashukia kwenye boti ya faiba. Mmoja aliwaona. Akainua AK.

"Laleni!"

Vioo vya ghorofani vilimwagika. Tai arobaini na sita zikalala chini kwa pamoja. Rebeka alikumbatia kasha lake na kumwita Mungu kwa majina yote.

Rozina alikuwa na risasi nane. Umbali mita mia mbili, boti inarukaruka. Angeweza kupiga ziwa, hilo tu.

Alimvuta Hallen kwa kola, akamsukuma mpaka kwenye ncha ya mbele ya boti, akamshikisha nguzo.

"Mada yako haijaisha, Dokta. Simama wakuone."

Milio ikakoma. Wale wanne walimtambua. Hawakumpenda, lakini walikuwa hawajalipwa. Wakatazamana. Mmoja akapiga kelele kitu fulani, mwingine akavuta kamba ya injini.

Boti ya faiba ilipokata kona kupita mbele yao, ilikuwa mita thelathini.

Browning ikalia. Moja. Mbili. Tatu.

Ya tatu iliingia kwenye injini. Ikakohoa moshi, ikanyamaza. Watu wanne walibaki wanaelea katikati ya ziwa na bunduki ambazo hazina kazi ya kupiga makasia.

Hakuna aliyeshangilia. *Subira* ilikuwa imeshuka tena. Maji yalikuwa yanalamba safu ya kwanza ya mapipa.

"Kamongo, nijibu."

Hakuna.

"Mzee Chenge!"

Hakuna.

"Pampu tunazo?" mtu aliuliza.

"Hakuna pampu," Odoyo alijibu. Alikuwa analitazama tishari kama daktari anavyomtazama mgonjwa ambaye ndugu zake wamechelewa. "Hata tukiziba hatuwahi. Lakini pale, upande wa Kamanga, kuna mchanga. Mita mia mbili na hamsini. Naujua, nimewahi kukwama pale mara tatu, na mara zote niliandika kwenye ripoti kwamba ni upepo."

"Unataka kulivuta?"

"Kulisukuma. Likikaa mchangani, haliwezi kuzama tena."

"Hii boti ni ya kukodi!" dereva alilia. "Jamani, rangi mpya hiyo!"

Odoyo aliilenga pua ya boti kwenye ubavu wa *Subira*, akaigonga.

Mbao zililia. Chuma kililia. Boti ya chungwa iliukunja uso wake, lakini tishari likasogea. Hatua moja. Injini ikapiga yowe. Moshi mweusi ukawafunika. Hatua nyingine. Kila walivyosogea mbele, *Subira* ilikuwa inashuka, na hakuna aliyekuwa anajua ni kipi kitatangulia, mchanga au kina.

"Mapipa!" mtu alipiga kelele.

Wavu ulikuwa unafunguka upande mmoja. Pipa la kwanza likainama.

Yule mkaguzi mnene alivua viatu tu, hakuvua tai. Akaruka juu ya tishari, akaudaka wavu. Akafuata yule mwanamama. Kisha wawili. Kisha wote. Watu wa maliasili, watu wa mazingira, watu wa uvuvi, watu ambao kwa miaka wamekuwa wakigombana barua ni ya nani, walijipanga kwenye ule wavu wakauvuta kwa migongo yao, vitambulisho vya shingoni vinawapiga usoni, maji yanapanda kwenye suruali zao za semina.

Rozina hakuwa anawaona. Alikuwa ameshaufikia mlango wa chumba cha injini. Umechomelewa pointi nne, kazi ya haraka, mbaya, imara. Maji yalikuwa yanatokea kwenye tundu la funguo. Alipiga kwa kitako cha bastola.

"Chenge! Gonga kama unanisikia!"

Kimya.

"Gonga, mzee!"

Alipiga mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Alijikuta anaongea Kijaluo, anamwita baba, na baba yake mwenyewe alishakufa zamani.

Kisha chini ya miguu yake kukatokea mkwaruzo mrefu, mzito, kama lori linalopakua kokoto.

*Subira* ilitikisika. Ikakaa.

Mchanga.

Odoyo alikuja mbio na mtaimbo wa boti. Pointi ya kwanza ilikatika. Ya pili. Ya tatu ikagoma. Watu watatu wakaning'inia kwenye mtaimbo ule kama nguo kwenye kamba. Ikakatika. Ya nne ikaachia yenyewe.

Mlango ulifunguka na ziwa likatoka.

Ndani, juu kabisa ya injini, Mzee Chenge alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, pua imebandikwa darini mahali ambapo hewa ilibakia kiasi cha kujaza ndoo. Alishuka taratibu. Akatema maji. Akamtazama Rozina, akamtazama Odoyo, akatazama ule mstari wa watu wenye tai wanaovuta wavu.

"Mmechelewa," alisema.

"Kulikuwa na semina," Rozina alijibu, akakaa majini.

Saa kumi na moja jioni, Maige alipiga.

"Chenge?"

"Anakunywa chai kwenye nyumba ya watu huku Kamanga. Anaomba sukari zaidi."

Maige alisikika akipenga kamasi. Alipoanza tena, sauti ilikuwa ya ofisini. "Hallen?"

"Wamemkamata wakaguzi arobaini na sita. Kila mmoja anataka jina lake liwe la kwanza kwenye hati. Wale wanne tumewavuta kwa kamba."

"Na mapipa?"

Rozina aliyatazama. Mia nne na kumi na moja, mita mia moja kutoka ufukweni, juu ya chombo kilichotoboka, kimekalia mchanga. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza kuinua mawimbi. Kuna mama alikuwa anateka ndoo mbali kidogo, na mkaguzi mmoja aliyelowa alikuwa anamkimbilia kumzuia.

"Hakuna hata moja lililopasuka. Bado. Lakini tishari halitamaliza wiki mbili pale, mkuu. Yanatakiwa kuondolewa kesho."

"Rozina, nimeshapiga simu tatu. Kuondoa sumu majini hakuna kifungu. Hakipo kabisa, kwenye kitabu chote."

"Kuna mstari wa ada ya mshauri elekezi. Awamu ya pili. Milioni mia tatu na themanini. Zimeshatoka Hazina, zimekaa benki ya wakala zinamsubiri Hallen asaini tu kwamba amemaliza kazi."

"Kuhamisha fedha ya mkataba kunataka mwenye mkataba mwenyewe aikatae kwa maandishi."

Rozina aligeuza kichwa. Hallen alikuwa amekaa mchangani, pingu mkononi, shati la kitenge limemganda. Pembeni yake Odoyo alikuwa amechuchumaa akimwonyesha pipa la mia nne na kumi na mbili, ambalo wakaguzi walikuwa wamelivusha kutoka tisharini na kulisogeza mpaka karibu kabisa na alipokaa. Odoyo alikuwa anamweleza kwa upole, kwa kituo, kwamba gari la polisi limekwama Sengerema, kwamba huenda wakalala hapa hapa, na kwamba kile kizibo kinaonekana hakikukazwa vizuri.

Hallen alikuwa anaomba kalamu.

"Anaandika sasa hivi," Rozina alisema. "Naye ameona ni gharama nafuu."

Akakata simu kabla Maige hajauliza fomu namba ngapi.

Alivua viatu, akakamua soksi, akaitia Browning ndani ya mkoba pamoja na kile kitabu. Rebeka alimfikia mbio na karatasi iliyolowa.

"Dada! Hujasaini!"

"Sikuwa kwenye orodha," Rozina alisema, akashika njia ya kwenda kivukoni.